Mama Pacha wa Mlangoni

Mama yangu anatunza namba za simu za watu kwenye mlango. Sisemi karatasi iliyobandikwa mlangoni. Nasema mlango wenyewe, upande wa ndani, mlango wa chumba chake pale Kakese. Ukiufunga ukiwa ndani, ukoo mzima, parokia na nusu ya soko la Mpanda wanakutazama wakingoja kupigiwa.

Alianza na mkaa, miaka ile simu zilipoanza kuingia kijijini. Mkaa ukawa unafutika kila anapoegemea, akahamia kwenye kalamu nene aliyoachiwa na mwalimu wa kwaya. Majina haandiki. Si kwamba hajui kuandika. Mama husoma somo kanisani bila kukwama, hata zile barua za Mtume zenye sentensi zisizotaka kuisha. Anasema tu kwamba jina halimsaidii kumkumbuka mtu. Kwa hiyo kila namba ina mchoro wake. Mwanamke anayetuletea migebuka kutoka Karema ana samaki. Katekista ana msalaba. Mfugaji wa Kisukuma anayenunua pumba zetu ana ng'ombe mwenye pembe zinazokaribia kugusa bawaba. Baba yangu mdogo wa Magamba ana kiatu kimoja, kwa sababu masika fulani alikuja kwenye msiba wetu na kiatu kimoja, cha pili kikiwa kimebaki kwenye tope njiani. Tangu hapo amenunua viatu vingi tu, lakini mlangoni bado ana kimoja.

Mimi ni mtu wa kupanga vitu. Nafanya kazi kwenye duka la stationari mjini Mpanda, natoa kopi, nachapa, nabana karatasi za watu zisitawanyike, na kila nikiuona mlango ule vidole vilikuwa vinaniwasha. Namba zangu zote ziko kwenye simu na nakala yake iko hewani, kiasi kwamba hata simu ikiibiwa leo, kesho nazipata zote kwenye simu mpya. Nilimweleza mama hivyo. Nikamtupia na methali, mali bila daftari hupotea bila habari.

"Hewani wapi?" akauliza.

"Hewani tu, mama. Zinahifadhiwa."

"Na mvua ikinyesha?"

Akaichukua simu yangu, akaanza kupitia orodha huku midomo inacheza. Boda Magamba. Boda Magamba Mpya. Boda Mwendo Pole. Dada Mchele. Mama Mwenye Nyumba. Alipofika kwenye Usipokee akasimama, akataka kujua huyo ni nani. Nikamwambia ni mtu msumbufu.

"Huyu naye ana mama yake," akasema. "Siku akijua umemwandika hivi ataumia."

Akanirudishia simu kwa vidole viwili, na somo la teknolojia likaishia hapo.

Chini kabisa ya mlango, karibu na kizingiti, kulikuwa na namba moja isiyoandikwa kwa mkono wa mama. Tarakimu zake zilikuwa kubwa, zimelala upande mmoja, na pembeni yake palichorwa viduara viwili vinavyogusana. Hiyo ilikuwa namba ya Mama Pacha, na hapa inabidi nieleze, kwa sababu mwanamke huyo hakuwahi kuzaa pacha.

Nilipozaliwa, mama alipata jipu kwenye titi, homa ikapanda, maziwa yakakata. Jirani yetu wakati huo alikuwa mwanamke wa familia za Warundi, wale ambao siku hizi ni Watanzania kama sisi, waliokuja Kakese kulima mpunga. Alikuwa na binti mchanga aliyenizidi wiki chache. Akaja, akaketi, akanichukua, akanipa titi moja na binti yake titi la pili. Hakuombwa. Mama anasema hata salamu alikuwa hajamaliza. Akatunyonyesha hivyo mpaka mama alipopona, na alipopona akaendelea, maana nilikuwa nimeshazoea na, kwa maneno ya mama, nilikuwa mlafi. Waliopita na kumwona amepakata wawili wakaanza kumwita Mama Pacha. Yeye naye akamwita mama yangu Mama Pacha, na ilikuwa haki, kwa sababu nusu ya pacha ilikuwa ya mama. Basi wakawa Mama Pacha wawili, wanaitana hivyo uani kwa uani, na kijiji kikazoea.

Pacha wangu hakufika mbali. Tulikuwa tumeanza kutembea, nasikia tulikuwa tunashikana mikono na kuanguka pamoja, ndipo homa ikamjia na degedege ikamchukua. Mimi sikumbuki hata sura yake. Mwaka uliofuata wazazi wake wakahamia Mwese, kule milimani, walikopata shamba, na Mama Pacha akawa mtu wa kushuka mara moja moja kwa ajili ya soko au hospitali. Kila akishuka alilala kwetu. Nilimpenda na nilimwogopa kidogo, kwa sababu kila akifika alinishika mashavu akaniangalia muda mrefu kuliko watu wengine wanavyoangalia watoto wa wenzao. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba alikuwa anapima kimo cha mwingine. Siku nilipoelewa nilikaa nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikaingia ndani nikala.

Safari yake ya mwisho, miaka kadhaa iliyopita, alikuja na simu ndogo ya batani shingoni, ameifunga kwa kamba ya kiatu. Walikuwa wameketi na mama kwenye mkeka chumbani, wanachambua maharage. Alipoambiwa aandike namba yake mlangoni hakusumbuka kusimama. Alijivuta na mkeka wake, akaandika pale mkono wake ulipofika, akachora mwenyewe vile viduara viwili. Ndiyo maana namba yake ilikuwa chini, miguuni pa wengine wote.

Kisha simu ya mama ikaanguka kwenye jaruba wakati wa kupandikiza mpunga. Laini alirudishiwa mjini, lakini namba za watu zilibaki matopeni. Mama hakushtuka. Alisema mlango upo, na akiba haiozi.

Mwaka huu nilijifungua mtoto wa kike, nikaenda kwa mama kulelewa uzazi. Alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikapiga kelele, akaninywesha uji wa ulezi mpaka nikatamani kugombana na ulezi. Wageni wakawa wanaingia na kutoka. Huku kwetu mtoto mchanga akiitwa, mama yake ndiye anayemwitikia. Mtu anafika uani anaita, na wewe unajibu "abee" kwa sauti nyembamba, kana kwamba ni yeye, mpaka siku atakapoweza kuitika mwenyewe. Shida ni kwamba wangu hakuwa na jina. Nilikuwa naitikia Mgeni, naitikia Kabibi, naitikia Mke Mwenza kutoka kwa bibi mmoja jirani, na moyoni nilikuwa naona haya kwa niaba ya mtoto.

Jina la mtoto wetu wa kwanza lilitoka upande wa mume wangu, kwa hiyo la huyu lilikuwa letu, na mama alikuwa ameshaamua kabla hata sijatoka hospitali. Mtoto angeitwa jina la Mama Pacha. Nilifurahi sana. Nikampigia mume wangu mjini, naye akakubali bila ubishi, akasema ubatizo ni Jumapili ijayo na katekista anataka majina mapema.

"Haya, niandike nani?" akauliza.

Nikamgeukia mama. Mama akamwangalia mtoto. Akaokota nepi iliyokwisha kukunjwa, akaikunjua, akaanza kuikunja upya.

"Mama, jina lake nani?"

"Si Mama Pacha?"

"La ubatizo, mama."

"Sijui," akasema, kwa sauti ndogo ambayo si yake.

Nilicheka mpaka mshono ukaniuma, lakini mama hakucheka. Ni kweli kwamba kwetu mwanamke mwenye mtoto haitwi kwa jina lake. Kumwita hivyo ni kama kumpigia mluzi. Anaitwa kwa mtoto, basi. Na hawa wawili walipewa jina moja la kushirikiana, wakalivaa maisha yao yote, na hakuna aliyewahi kuona sababu ya kuchungulia chini yake kuna nini. Yule mwanamke alininyonyesha, na mama alikuwa naye wakati wa kumzika mtoto wake, lakini jina la mwanamke mwenyewe hakuna aliyeliuliza. Kwenye mlango mzima wa mama, watu wote wasio na majina, yeye ndiye wa kwanza ambaye jina lake lilihitajika.

"Sasa tutampigia tumuulize," nikasema. "Kazi ndogo."

Nikaufunga mlango, nikainama. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka kizingitini na njia yao ya udongo, wakapita juu ya namba ya Mama Pacha. Nilipoukwangua ule udongo kwa ukucha, mbao ikaja nao. Tarakimu zote zilikuwepo isipokuwa ya mwisho. Pale pa mwisho palikuwa na shimo, na viduara viwili pembeni vikiwa salama.

"Akiba haiozi," nikamwambia mama. "Inaliwa na mchwa."

Halafu nikakumbuka kwamba mimi ni mtu wa nakala. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeupiga picha mlango ule, nikiwa na nia ya kuhamishia namba zote simuni siku nikipata nafasi. Nikaitafuta picha nikaipata hewani, safi kabisa, hata mvua haikuigusa. Ila siku ile mama alikataa mlango wake upigwe picha peke yake kama mlango wa ofisi. Alikwenda kubadilisha kitenge, akasimama mbele yake, mkono kiunoni, anatabasamu. Nikaikuza picha. Samaki alionekana, kiatu kilionekana. Namba ya Mama Pacha ilionekana tarakimu zote isipokuwa ya mwisho, nayo ilikuwa imefunikwa na ua la kitenge cha mama.

Mama aliitazama ile picha kwa muda. "Lakini nilipendeza," akasema.

Nikamwomba akumbuke tarakimu ile ilikuwaje. Akafumba macho. Akasema ilikuwa na tumbo. Nikamuuliza tumbo gani, la tatu, la tano, la sita? Akasema tumbo ni tumbo, mbona namsumbua. Tukafanya kazi kwa tumbo. Moja, nne na saba tukaziacha kwa sababu ni nyembamba, na mbili mama aliikataa akidai ile ina shingo tu. Zilizobaki tukaanza kuzipiga moja moja, asubuhi, mtoto akiwa amelala, simu katikati yetu kwenye mkeka ikiwa imefunguliwa spika.

Wa kwanza alikuwa mwanaume. Mama akasema, "Samahani baba, namtafuta Mama Pacha."

"Halafu nikikwambia simjui utaniambia ile hela nitume kwenye namba hii," akasema. "Matapeli nyie, hata wazee mmeingia!"

Akakata. Mama alikaa ameshika kifua, anarudia neno mzee, na ilibidi nimwambie kwamba alimaanisha sauti.

Wa pili alikuwa mwanamke. "Namtafuta Mama Pacha," mama akasema, safari hii kwa woga.

"Ndiyo mimi," sauti ikajibu.

Mama alipiga kigelegele mtoto akaamka. "Mama Pacha! Ni mimi, Mama Pacha!"

"Jamani, Mama Pacha! Wa wapi?"

"Wa Kakese!"

"Kakese ndiyo wapi?"

Ilichukua muda tukaelewana. Alikuwa mwanamke wa Songea, na yeye alizaa pacha kweli, wa kiume wote wawili, wameshafika darasa la tatu. Mtu mwingine angekata simu. Mama alimuuliza habari za wale watoto mmoja baada ya mwingine, akamweleza historia yetu yote tangu jipu la titi, na yule mama wa Songea akasema atatuombea tumpate mwenzetu. Alipokata, mama akainuka akamwandika mlangoni. Akamchorea viduara viwili vyenye kaptula, asije akachanganya.

Wengine walikuwa wema wenye haraka. Ikabaki namba moja. Tulipoipiga, ile sauti ya kike ya kampuni ikatuambia kwa adabu kwamba namba tunayopiga haipatikani kwa sasa.

"Huyo ndiye," mama akasema.

"Mama, hapatikani."

"Ndiyo nasema. Wa Mwese hawapatikani. Angepatikana ningejua si yeye."

Nikabishana naye, ingawa hoja ilikuwa na ukweli wake. Kule milimani mtandao unafuatwa. Watu wengi hupanda mahali wanapopajua, wakatafuta kona yenye mtandao, wakapiga simu zao zote kisha wakazima kulinda chaji. Kwa hiyo tukatuma meseji. Mama akaitamka, mimi nikaandika neno kwa neno: "Mama Pacha, mimi Mama Pacha. Mtoto wetu amejifungua. Tunakutafuta kwa jambo jema. Piga."

Nilimwambia meseji kama hiyo mtu mwingine akiipata atadhani ni ugonjwa. Akasema mtu mwingine haimhusu.

Siku zikapita kimya. Mume wangu, bila kutumwa, alikwenda pale mjini wanapokaa vijana wa bodaboda wanaopanda Mwese, akawauliza. Wanawajua watu wa kule nyumba kwa nyumba, maana ndio wanaowabebea magunia. Akatupigia jioni.

"Wanasema Mwese hakuna Mama Pacha," akasema. "Nimeuliza vijana watatu. Hakuna, na hawajawahi kumsikia."

Mama alikuwa anasikia. Akatoka nje, akaenda kusimama karibu na kichanja cha vyombo, akageuza sufuria ambazo zilikuwa zimeshageuzwa.

Kesho yake nilimwambia kwa upole tufikirie jina lingine. Tungeweza kumpa la bibi. Au tukamwandikisha kwa jina lolote la mtakatifu, na siku Mama Pacha akipatikana tukaongeza la kwake. Mama aliweka kijiko chini.

"Sikiliza," akasema. "Jina la marehemu unalichukua tu. La aliye hai unamwomba. Sasa mimi simjui mwenzangu yuko upande gani. Nikimwacha nikachukua jina lingine kwa sababu hapatikani, ni nini hicho? Si nimemzika? Siwezi kumzika mtu aliyekupa titi lake, kwa sababu ya uvivu wa kumtafuta."

"Na katekista?"

"Katekista alinyonyeshwa na nani? Akae asubiri."

Nilimwangalia mama akirudi kwenye sufuria yake, mgongo umekakamaa kwa hasira, nikagundua kwamba anaogopa. Sikuwa nimemwona mama akiogopa tangu msiba wa baba. Nikasogea nikamkumbatia kwa nyuma na mtoto akiwa katikati yetu, naye akaniambia niache, uji utaungua.

Simu ilikuja siku moja kabla ya katekista kufunga orodha yake, saa za kuanika mpunga. Ilikuwa ile namba yetu ya mwisho, ile yenye tumbo. Nilipopokea nikafungua spika, nikasikia upepo kwanza, upepo mwingi, halafu mtu anayehema.

"Mama Pacha?" sauti ikasema. "Nirikuwa sina chaji. Nimepanda huku juu sasa hivi, naona ujumbe."

Mama Pacha hutamka l nyingi kama r, ndivyo Kirundi chake kilivyomwachia, na mama aliposikia ile nirikuwa aliacha reki katikati ya mpunga akaja mbio, kuku wakaingia kula wala hakuwafukuza. Wakasalimiana. Waliulizana habari za nyumbani, za shamba, za miguu, za mvua, za ng'ombe aliyekuwepo miaka hiyo na sasa hayupo. Mama akalia kidogo, akafuta, akaendelea na salamu. Kwenye jambo lenyewe hafiki. Namkonyeza, ananikwepa. Aliona haya kama msichana.

Nikainyakua simu. "Mama," nikamwambia Mama Pacha, "tunaomba kumpa mtoto jina lako, ila hatulijui."

Pakawa na upepo tu. Nikadhani mtandao umekata. Kisha nikasikia anacheka, kicheko cha kukohoa, kirefu.

"Yewe! Na mimi ra kwake sirijui!"

Basi mama naye akaanguka kwenye mkeka. Walicheka wote wawili, kila mmoja akijaribu kusema kitu na kushindwa. Walipotulia wakaambiana majina yao, kwa zamu, kama watu wanaokutana siku ya kwanza. Kila mmoja alilirudia jina la mwenzake mara moja, kwa kulionja, na niliona haliwakai vizuri mdomoni. Hawakulitumia tena.

Nikauliza kama basi tuna baraka zake.

"Ra kwangu ni ra bure, mwana wanje," akasema, na hayo maneno mawili ya mwisho aliyasema kwa lugha yake, mwanangu, kama alivyokuwa akiniita nikiwa mdogo. "Mama Pacha, unarikumbuka ra yure wetu?"

Mama hakuuliza yupi. "Nalikumbuka."

"Ritaje."

Mama akalitaja. Nilikuwa nalijua jina lile, nimelikuta nyumbani tangu utoto, lakini hutamkwa kwa nadra na kwa sauti ya chini. Sikuwahi kumsikia mama akilitaja kwa sauti ya mchana namna ile, uani, kuku wakidonoa.

"Huku harijatajwa," Mama Pacha akasema. "Nirifika na mtoto mwingine tumboni, wakaniita kwa huyo aripozariwa. Huku hakuna anayejua niriwahi kuwa Mama Pacha. Ni wewe tu unaniita hivyo. Ukinyamaza wewe, na yeye ananyamaza." Upepo ukachukua maneno yaliyofuata, kisha akarudi. "Mpeni hiro. Kama hamuogopi."

Wapo watu wanaoogopa kumpa mtoto jina la mtoto aliyefariki. Na mimi, kusema kweli, ni mmoja wao. Nilimwangalia mama, mama akaniangalia. Nikafikiria yale mashavu yangu yaliyoshikwa na kutazamwa miaka yote ile. Nikasema hatuogopi.

Siku hizi namba ya Mama Pacha iko juu kabisa ya mlango, mchwa watafute ngazi. Viduara sasa ni vitatu. Kwenye simu yangu nimemwandika Mama Pacha, na simu, kwa akili zake, iliniuliza kama nataka kumuunganisha na Mama Pacha wa Songea kwa kuwa huenda ni mtu mmoja, nikaikatalia. Nakala ya mlango pia nimepiga, upya, na mama alisimama tena mbele yake, safari hii pembeni kidogo. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, kabla hajakata, Mama Pacha alikuwa na ombi moja.

"Mwite nisikie," akasema.

Nikamsogeza mtoto karibu na simu. Alikuwa amelala, ngumi mdomoni. Nikamwita kwa jina lile, mara ya kwanza tangu azaliwe, kwa sauti ya kutosha kufika Mwese, halafu nikavuta pumzi ili nimwitikie kama desturi ilivyo.

"Abee," akaitika Mama Pacha, kule mlimani.